Mizani Isiyo na Mhuri: Biashara ya Vifaa Vilivyotumika vya Kupimia Ishara za Kasi Kubwa, Ikitazamwa Kutokea Kingolwira

Katika biashara ya vitu vilivyotumika, nguo hukunjuliwa ikaangaliwa mshono na gari huwashwa ikasikilizwa injini, lakini kifaa cha kupimia ishara za kidijiti za kasi kubwa hakijulikani uzima wake kwa kuangaliwa wala kwa kuwashwa, kwa sababu kazi yake yote ni kutoa namba, na namba ya uongo hung'aa kwenye kioo sawasawa na namba ya kweli. Hali hiyo ndiyo inayoeleza sehemu kubwa ya ugumu wa soko la vifaa hivi: bei huporomoka bila kufuata umri, muuzaji mwaminifu hushindwa kujitofautisha na tapeli, na chombo kilichogharimu mamilioni ya shilingi huishia kwa mnunuzi wa vyuma chakavu, ambaye hukitupa kwenye mizani na kukilipia kwa kilo. Uchambuzi huu unalitazama suala hilo kutokea Kingolwira, kata ya Manispaa ya Morogoro iliyo mashariki mwa mji, kando ya barabara kuu itokayo Dar es Salaam. Kata hiyo haina jina katika biashara ya elektroniki. Inachojulikana nacho ni gereza lake na kituo cha ufugaji wa samaki, na atakayeuliza hapo bei ya osiloskopu asishangae akiulizwa naye kwamba hicho ni kitu gani.

Kilichopo Kingolwira ni njia. Reli iliyojengwa na Wajerumani kutoka Dar es Salaam ilifika Morogoro mwaka 1907, na barabara ya lami inayobeba malori ya Zambia na Kongo hupita chini ya safu ya Uluguru katika ukanda huohuo. Mkongo wa Taifa wa Mawasiliano, ulioanza kujengwa mwaka 2009 na unaoendeshwa na TTCL, nao hupitia Morogoro kabla ya kugawanyika kuelekea Dodoma na Iringa, na tarehe 14 Juni 2024 treni za umeme za reli ya kisasa zilianza kubeba abiria kati ya Dar es Salaam na Morogoro, zikiongozwa kwa mfumo wa Ulaya wa udhibiti wa treni wa ngazi ya pili, ambao hutegemea mawasiliano ya redio yasiyokatika kati ya kichwa cha treni na chumba cha udhibiti. Kwa hiyo, katika ukanda mmoja mwembamba hupita ishara nyingi kuliko abiria na shehena zote, na kila ishara ya namna hiyo, kabla mtambo wake haujakabidhiwa kwa mwenyewe, mtu fulani alipaswa kuipima. Vifaa alivyoipimia ndivyo vinavyozungumziwa hapa.

Neno kasi linahitaji kufafanuliwa, kwa kuwa wasafiri wa ukanda huu tayari wana matumizi yao ya neno mwendokasi. Treni mpya ya umeme hufikia kilomita 160 kwa saa. Mwanga ndani ya uzi wa kioo, unaoitwa faiba na mafundi, huenda takriban kilomita 200,000 kwa sekunde, tena kwa mwendo uleule iwe laini ni ya zamani au ya kisasa. Kasi inayouzwa na kununuliwa katika biashara hii si ya mwendo huo. Ni idadi ya biti, yaani sifuri na moja, zinazosukumwa ndani ya sekunde moja. Katika laini za zamani za simu za megabiti 2.048 kwa sekunde, biti moja hudumu kwa nanosekunde 488 hivi, muda ambao kifaa cha kawaida cha maabara ya chuo huumudu bila taabu. Katika laini ya gigabiti 10, biti hudumu kwa pikosekunde 100, na katika muda huo mwanga ndani ya faiba hauendi zaidi ya sentimita mbili, upana wa kidole gumba. Kifaa kinachotakiwa kuona mabadiliko ndani ya kidole gumba hicho ni kitu cha aina nyingine kabisa, na bei yake kikiwa kipya ni ya aina nyingine pia: osiloskopu za daraja la juu huuzwa kwa mamia ya maelfu ya dola za Marekani.

Osiloskopu ni chombo kinachochora volteji kadiri inavyobadilika kwa wakati. Sifa yake ya kwanza ni upana wa masafa, yaani kiwango cha juu cha gigahezi kinachoweza kuingia bila kupunguzwa sana, na kuna kanuni nyepesi inayounganisha sifa hiyo na muda wa kupanda, ambao ni muda ishara inaouchukua kutoka chini hadi juu: 0.35 ikigawanywa kwa upana wa masafa hutoa muda mfupi kuliko wote ambao chombo kinaweza kuuonyesha kwa haki. Osiloskopu ya gigahezi 1, kwa hesabu hiyo, haiwezi kuonyesha mpando mfupi kuliko pikosekunde 350, na hivyo ni kipofu mbele ya biti ya pikosekunde 100. Ndugu yake ni kipima makosa ya biti, chombo kinachotuma mfuatano wa biti unaojulikana, kikaupokea upande wa pili na kuhesabu ngapi zimegeuka njiani. Yupo pia kichambuzi cha itifaki, kinachosoma ujumbe wenyewe badala ya umbo la mawimbi. Binamu yao anayefahamika zaidi na mafundi wa barabarani ni kipimo cha OTDR, kinachopiga mwanga ndani ya faiba na kusoma mwangwi wake, ili kebo ikikatwa na tingatinga fundi ajue aende kuchimba kilomita ya ngapi.

Vifaa hivi huwa mitumba kwa njia isiyofanana na ya vitu vingine. Friji huuzwa ikiwa imechoka. Kipima makosa ya biti huuzwa kikiwa na nguvu zake zote, kwa sababu kiwango kilichotengenezewa kimehama. Minara ya simu ilipoacha laini za megabiti 2 na kuhamia Ethaneti, vipimo vya laini hizo vilipoteza kazi hata kabla ya vitufe vyake kufifia. Mwaka 2017 viwango vya Ethaneti ya gigabiti 400 vilipopitishwa, laini zake nyingi ziliacha ishara ya ngazi mbili na kuchukua ishara ya ngazi nne, ambayo kila mpigo wake hubeba biti mbili, na chombo kilichoundwa kutofautisha juu na chini tu hakiwezi kusoma ngazi zilizo katikati hata kikiwa kizima kama siku kilipotoka kiwandani. Mmiliki wa Ulaya au wa Asia hukiuza basi, naye anayekinunua bado ana laini za zamani za kutunza. Kwa nchi kama Tanzania, ambako mitambo ya vizazi vitatu huweza kufanya kazi katika ukanda mmoja, pengo hilo la wakati ndilo faida: kilichopitwa kwingine hapa bado kina miaka ya kazi. Lakini ni faida yenye mwisho, na muuzaji anayehifadhi kifaa akisubiri bei ipande huwa anahifadhi barafu.

Vifaa huingia sokoni kwa milango kadhaa. Vingine huagizwa kutoka Dubai au kutoka Huaqiangbei, eneo la Shenzhen ambalo wafanyabiashara wa elektroniki wa Kariakoo wanalijua vizuri, na vingine hutoka katika vyuo vilivyovipata kwa miradi ya wafadhili, vikakaa kabatini baada ya aliyevielewa kuhama. Mlango unaohusika zaidi na ukanda wa Kingolwira ni wa wakandarasi, ambao humaliza ujenzi wakiwa na vifaa wasivyotaka kuvisafirisha tena. Hapo kuna jambo ambalo wanunuzi wengi hulipita. Sheria ya Usimamizi wa Forodha ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya mwaka 2004 inaruhusu vifaa vya kazi kuingizwa kwa muda bila kulipiwa ushuru, kwa sharti kwamba virudishwe nje ndani ya miezi 12, na kifaa kilichoingia kwa utaratibu huo hakiwezi kuuzwa nchini kihalali mpaka kodi yake ilipwe. Mkandarasi akiuza kimyakimya na kuondoka, anayebaki na kifaa ndiye anayebaki na deni. Mali za taasisi za umma zina utaratibu wake wa kuondoshwa chini ya Sheria ya Ununuzi wa Umma ya mwaka 2023, na chombo chenye namba ya mali ya serikali iliyokwanguliwa kwa kisu hakifai kununuliwa kwa bei yoyote.

Ugumu wenyewe, hata hivyo, uko katika uthibitisho, na unaanzia mahali padogo sana. Kwenye uso wa osiloskopu ya kasi kubwa kuna konekta za kuingizia ishara, nyingine zikiwa na kipenyo cha ndani cha milimita 2.92 au 2.4, na katikati ya kila moja kuna pini laini kuliko sindano ya cherehani. Mnunuzi mwenye uzoefu hutangulia kushika kioo cha kukuzia kabla ya waya wa umeme, akitafuta pini iliyozama, vumbi la shaba kwenye nyuzi za skrubu, na alama ya mduara inayoachwa na mtu aliyekaza konekta kwa koleo wakati ilipaswa kukazwa kwa spana maalumu ya nguvu ndogo, isiyofika nyutoni-mita moja. Pini iliyozama sehemu ya kumi ya milimita haizuii picha kutokea. Hurudisha sehemu ya ishara ilikotoka, na picha inayotokea huwa na kilima ambacho fundi atakitafuta kwenye mtambo wa mteja kwa siku nzima. Baya zaidi ni umeme tuli. Vichwa vya kuchukulia sampuli katika vifaa vya kasi hii havivumilii zaidi ya volti chache, na kebo ndefu iliyoburuzwa sakafuni wakati wa kiangazi, ikachomekwa bila kutolewa chaji, huua kichwa kimya kimya, pasipo moshi wala harufu. Baada ya hapo kifaa huwaka, menyu zake hufunguka, feni huzunguka, na muuzaji anayesema kwamba kinafanya kazi anaweza kuwa anasema anachoamini.

Kumbukumbu ya ndani ni mtego mwingine. Vifaa vya miaka ya 1990, kama osiloskopu za Tektronix za familia za TDS 500 na TDS 700, huhifadhi namba zake za usahihishaji katika chipu yenye betri ya lithiamu iliyofungiwa ndani yake, betri ambayo haikukusudiwa kudumu milele. Siku inapokufa, namba hizo hufutika, na chombo husahau jinsi ya kujirekebisha. Matoleo ya mwanzo ya familia hizo yana ila ya pili: kapasita ndogo zilizovuja elektroliti juu ya bodi na kula njia za shaba. Fundi mzuri wa Morogoro anaweza kuzing'oa kapasita hizo, kuosha bodi na kuweka mpya, kwani ni kazi ya mikono na subira. Kinachomshinda ni kurudisha namba zilizofutika, maana hakuna pasi ya kulehemu iwezayo kumwambia zilikuwa ngapi. Kwa hiyo, kwa anayepata kifaa cha namna hiyo kikiwa bado kinakumbuka, jambo la kwanza ni kunakili kumbukumbu yake kabla hata ya kukitangaza kuuzwa. Katika vifaa vipya zaidi, kinachopotea ni leseni, kwa kuwa watengenezaji hufungua uwezo fulani, mara nyingine hata upana wa masafa wenyewe, kwa ufunguo wa programu uliofungwa kwa namba ya chombo. Diski ikifa au ikibadilishwa na mtu asiyejua, chombo cha gigahezi 4 huweza kuamka kikiwa cha gigahezi 1, na tofauti hiyo ni sehemu kubwa ya bei.

Hapa ndipo ugezi unapoingia. Ugezi ni kazi ya kulinganisha chombo cha kupimia na kingine chenye usahihi mkubwa zaidi, ambacho nacho kimelinganishwa na kingine, mpaka mnyororo ufike kwenye kipimo kikuu cha taifa au cha kimataifa, na hati ya ugezi ni maelezo ya kiungo kimoja cha mnyororo huo. Dereva yeyote wa lori apitaye Kingolwira analielewa jambo hili bila kusoma kitabu, kwa sababu kilomita chache mashariki kuna mizani ya Mikese, na mzigo uliopimwa Dar es Salaam ukikutwa umezidi uzito Mikese, ubishi hauwi juu ya mzigo. Huwa juu ya mizani ipi yenye haki ya kuaminiwa. Mizani za biashara zina Wakala wa Vipimo wa kuzikagua na kuzipiga mhuri, hata ile ya muuza nyanya. Osiloskopu haina mhuri wa lazima. Shirika la Viwango Tanzania hutoa huduma za ugezi, na maabara zinazofuata kiwango cha ISO/IEC 17025 zipo katika kanda, ikiwamo taasisi ya taifa ya vipimo ya Afrika Kusini iliyoko Pretoria. Lakini kadiri gigahezi zinavyopanda ndivyo milango inavyopungua, mpaka inabaki maabara ya mtengenezaji mwenyewe ng'ambo, na gharama ya kukisafirisha chombo huko, kukipima na kukirudisha huweza kuzidi bei yake ya mtumba. Mfumo wa kisheria haumsaidii sana mnunuzi katika hilo: Sheria ya Mauzo ya Bidhaa, Sura ya 214, hudai bidhaa iliyouzwa kwa maelezo ilingane na maelezo yake, na maelezo ya wauzaji wengi huishia kwenye neno moja, kwamba kinawaka.

Mahitaji ya ndani nayo hayako sawa kwa vifaa vyote, na muuzaji asiyelitambua hilo hupoteza muda. OTDR na mashine ya kuunganishia faiba vina wateja karibu kila mahali kebo inapopita, kwa kuwa faiba hukatwa mwaka mzima na mkandarasi mdogo anayepewa kazi ya kuitengeneza hawezi kuanza bila hivyo. Osiloskopu za megahezi 100 hadi 500 zina nafasi katika vyuo vya ufundi na kwa mafundi wa inveta na redio, ingawa hapo mtumba wa Marekani hushindana na chombo kipya cha bei nafuu kutoka China, chenye dhamana, chepesi, kisicho na betri ya miaka 25 tumboni. Na kwa haki yote, mwanafunzi wa Morogoro mara nyingi atahudumiwa vizuri zaidi na hicho kipya. Kipima makosa cha gigabiti 10 au osiloskopu ya gigahezi 20 ni habari nyingine. Wanaobuni saketi za kasi hiyo nchini ni wachache mno, waendeshaji wa mitandao mikubwa huwaachia wasambazaji wa mitambo kazi ya kupima, na mnunuzi halisi wa chombo cha namna hiyo anaweza kuwa Bangalore au Warszawa. Kukiuza kutokea Kingolwira ni kuuza nje, pamoja na karatasi zote za kuuza nje, na kwa vile vilivyo vya juu kabisa, kama osiloskopu za gigahezi 60 na kuendelea, kuna orodha za udhibiti za nchi za Mkataba wa Wassenaar ambazo huwabana walioko huko wanapotaka kuviuza tena nje.

Yapo mambo mawili yanayoonekana madogo mpaka yanapomfika mtu. Kichambuzi cha itifaki huweza kubaki na rekodi za mawasiliano ya watu kwenye diski yake, na tangu Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 ianze kutumika, kuuza diski hiyo bila kuifuta ni kuuza taarifa za watu. Chombo kilichokufa kabisa nacho hakiuziki popote kama kifaa, kwa kuwa tangu tarehe 1 Januari 2025 Mkataba wa Basel hudai ridhaa ya nchi inayopokea kabla ya taka yoyote ya elektroniki kuvuka mpaka, na mstari kati ya mtumba na taka huchorwa kwa swali lilelile la uthibitisho: kama hakuna rekodi ya majaribio inayoonyesha kwamba chombo kinafanya kazi, afisa wa forodha ana haki ya kukiita taka.

Swali linalobaki ni uthibitisho gani unaweza kupatikana Kingolwira kwenyewe, bila Pretoria, na jibu lake lina matumaini kuliko inavyodhaniwa. Wakati hupatikana bure kutoka angani: kipokezi cha setilaiti za GPS kinachoongoza osileta ya megahezi 10 hutoa, kwa wastani wa siku nzima, usahihi ambao saa ya ndani ya osiloskopu ya kawaida haiukaribii, na hivyo mhimili wa wakati wa chombo huweza kukaguliwa kwa antena iliyowekwa juu ya bati. Muda wa kupanda hukaguliwa kwa kizalishi kidogo cha mpigo chenye mpando wa pikosekunde 40 hivi, ambacho hakigharimu hata sehemu ndogo ya bei ya chombo: mpando huo ukiingizwa kwenye osiloskopu nzima ya gigahezi 1, kioo kinapaswa kusoma karibu pikosekunde 352, ambazo ni kipeuo cha pili cha jumla ya mraba wa 350 na mraba wa 40, na kikisoma 600 basi kuna kilichokufa ndani hata kama menyu zote zinafunguka. Kipima makosa cha gigabiti 10 huunganishwa kichwa na mkia kwa kebo fupi na kuachwa dakika tano. Katika muda huo hupita biti takriban trilioni 3, na zikipita zote bila kosa, takwimu huruhusu kusema kwa uhakika wa asilimia 95 kwamba makosa hayazidi moja katika biti trilioni 1. Kisichothibitika kwa njia hizi ni volteji kamili na umbo la mwitikio katika masafa ya juu, na muuzaji anapaswa kuliandika hilo pia, kwa wino uleule, chini ya picha za kioo zenye tarehe, namba ya chombo, na jina la kebo iliyotumika.